Muulize Mwalimu: Kengele ililia, mimi nikadhani imezimwa

Mwezi huu barua zenu nyingi zinalalamikia jambo moja: vile vitenzi vya Kiingereza ambavyo darasani nilikuwa naviita vitenzi vyenye mkia. Kitenzi chenyewe ni kifupi, cha kila siku, "go", "get", "put", "look". Kinafungwa kijineno nyuma, na maana yote inageuka. Nimechagua barua sita. Nyingine zinasubiri zamu.

Shikamoo Mwalimu. Nafanya kazi mapokezi kwenye hoteli hapa Moshi. Juzi mgeni alishuka asubuhi macho mekundu, akaniambia, "The alarm went off at three." Mimi najua "off" ni kuzima. Nikamwomba radhi, nikamwahidi kwamba fundi atakuja kuiwasha. Akanitazama kama nimemtukana. Baadaye mwenzangu ndiye aliyenieleza kwamba kengele ya moto ilikuwa imelia usiku huo. Sasa "off" ni kuzima au kuwasha? — Wa mapokezi, Moshi

Marahaba mwanangu. Pole, na unisamehe nimecheka. Mtu yuko macho tangu saa tisa usiku, anakuja kulalamika, anaahidiwa kwamba kengele itawashwa!

Ulichojifunza si uongo. Kwenye swichi ya ukutani "off" ni kuzima, na umeme ukikatika Mwingereza atasema "The lights went off". Lakini ukisikia "went off" kwa kengele ya moto, jua imelia. Kwa bunduki, imefyatuka. Kwa bomu, limelipuka. Na ukiisikia kwa maziwa, hasa kwa watu wa Uingereza, yamechacha. Kitenzi ni kimoja, mkia ni mmoja, kinachotofautiana ni mtendaji. Kwa hiyo kabla hujajibu, jiulize kwanza ni nini hicho kilicho-"go off".

Wanafunzi wangu niliwaambia wafikirie mtego wa panya. Umetegwa, umetulia, springi imebanwa. Panya anagusa chambo, fyatu! Hiyo ndiyo "off" ya kengele: kitu kilichokuwa kimezuiliwa kimeachia. Sisi kazi hiyo tunaifanya kwa mwisho wa kitenzi, tega na tegua, bandika na bandua, ziba na zibua. Tena tunayo jozi nzuri kuliko zote, vaa na vua. Mwingereza anasema "put on" na "take off", maneno manne; sisi tumebadilisha irabu moja tu, nguo imetoka mwilini. Ndege nayo iki-"take off" inabanduka kwenye ardhi. Sidai kwamba picha hii itakufikisha kwenye kila "off" iliyoko duniani, maana yale maziwa yanakataa kuingia mtegoni, lakini itakuvusha mitaa mingi.

Wala usimwone Mwingereza ni mtu wa visa. Naye akija kwetu anafungua kamusi, anakuta "piga" ni kumchapa mtu. Kesho yake anamsikia mama mwenye nyumba akisema amepiga mswaki, amepiga deki, amepiga pasi, kisha amempigia wifi yake simu. Mzungu mmoja aliyekuwa akijitolea shuleni kwetu aliniuliza kwa uchungu kabisa: mswaki umekosa nini? Nikamwambia "piga" yetu ni ndugu wa "get" yenu. Tukanyamaza wote wawili, tukanywa chai.

Shida hii ni ya zamani. Samuel Johnson, aliyechapisha kamusi yake ya Kiingereza mwaka 1755 huko London, aliandika kwenye dibaji kwamba mtindo huu wa kuongeza kijineno nyuma ya kitenzi ndio unaowatesa wageni kuliko yote. Jina la kitaalamu la vitenzi hivi, "phrasal verbs", lilikuja kuchapishwa mwaka 1925. Yaani watu waliteseka navyo zaidi ya miaka 150 kabla havijapewa jina.

Siku nyingine mwambie mgeni, "I'm so sorry. We'll find out what set it off." Hiyo "set off" ni kukifanya kitu kifyatuke: moshi wa jikoni, sigara chumbani, au mtoto mtundu.

Mwalimu, mimi ni mwanafunzi wa kidato cha sita, Kahama. Kwenye insha niliandika "In this essay I will discuss about corruption". Mwalimu akakata "about" kwa kalamu nyekundu, hakueleza kitu. Mbona "talk about" ni sahihi?

Kalamu nyekundu isiyo na maelezo ni uvivu, na nasema hivyo nikijua nami niliitumia sana nilipokuwa na madaftari 90 ya kusahihisha usiku mmoja.

Mwaka 1986, nikiwa na miaka minne kazini kama mwalimu wa Kiingereza, niliandika barua ya kuomba uhamisho. Nilianza kwa madaha: "I wish to request for a transfer." Barua ikarudi. Mkubwa mmoja wa ofisini alikuwa ameizungushia "for" duara, mara mbili, mpaka karatasi ikatoboka. Uhamisho sikuupata, ingawa sidhani sababu ilikuwa "for". Nilikasirika wiki nzima. Halafu nikakaa na kaunta buku langu, nikayaorodhesha maneno yote ya namna hiyo niliyokuwa nikiyakata kwa wanafunzi. Ndipo nilipoona.

Tazama na wewe. "Discuss" haina mkia, lakini jina lake, yaani nomino yake, linao: "a discussion about corruption". "Request" ikiwa kitenzi haina, ikiwa jina inao: "a request for a transfer". "Emphasize discipline", lakini "emphasis on discipline". "We lack water", lakini "a lack of water". "Enter the room", lakini "entry into the room". Hata ndoa: "He married my sister", lakini "his marriage to my sister". Jina limevaa mkia, kitenzi kiko wazi. Sisi tunalisikia jina, tunachukua mkia wake na kukivika kitenzi. "Talk about" imeongeza vurugu tu, kwa sababu "talk" yenyewe kwa kawaida haibebi mada bila mkia.

Watu husema makosa haya yanaletwa na Kiswahili. Mimi sikubali. Kiswahili kinasema "tujadili suala hili", hakina haja ya "kuhusu". Kinasema "naomba uhamisho", "anasisitiza nidhamu". Ungefuata lugha ya mama yako ungepata alama zako. Kinapotuangusha ni upande wa pili. Sisi tunangoja mtu, tunatafuta ufunguo, tunasikiliza redio, tunatazama picha, kila kitenzi kinajitosheleza. Mwingereza anataka "wait for", "look for", "listen to", "look at". Hapo ukifuata Kiswahili utaandika "I am waiting you", nami nitaichukua ile kalamu.

Salaam aleikum Mwalimu. Mimi ni dereva wa teksi Mombasa. Nina mteja Mwingereza anayekaa Nyali. Nilimtumia ujumbe, "I will pick you at six." Akajibu kwamba amefurahi sana, nimemchagua kati ya wangapi? Sikuelewa utani. Na je, ni "pick up her" au "pick her up"?

Waaleikum salaam. Mteja wako ana mdomo! "Pick" peke yake ni kuchuma au kuchagua: kuchuma maembe, kuchagua wachezaji wa timu. Kumpitia mtu kwa gari ni "pick up". Ulimwandikia kwamba saa kumi na mbili utamchagua, naye akajiona mshindi.

Nairobi, Mombasa, Dar es Salaam, Kampala, kote tunasema "pick me" na tunaelewana. Tunasema pia "pick the call". Mimi simsahihishi mtu barabarani kwa hilo, lugha ikishakubalika kwa majirani wote imeshakuwa ya kwao. Ila kwa mteja mgeni, na kwenye mtihani, rudisha "up".

Sasa swali lako la pili, na hili ndilo lenye nyama. Ukimtaja mgeni kwa jina au cheo, uko huru: "pick up the guest" au "pick the guest up", vyote sawa. Ukitumia kiwakilishi, hapana. Ni "pick her up", lazima akae katikati. "Pick up her" haipo. Vivyo hivyo "turn it off", "drop them off", "wake him up". Usishangae, hata sisi kiwakilishi cha mtendwa tunakiingiza ndani: nita-m-chukua. Huwezi kukiacha kikaning'inia nyuma.

Lakini kuna kundi lisilofunguka. "Look after her", kumtunza. "Look for them", kuwatafuta. Hapa hakuna nafasi katikati, hata kwa kiwakilishi. Utajuaje kundi ni lipi? Mara nyingi mikia kama "up", "down", "out" na "away" inakubali kuachanishwa na kitenzi. Mikia kama "after", "for", "at", "with" na "into" hung'ang'ania. "Off" na "on" ni vigeugeu, ziko huku na huku. Nimesema mara nyingi; ukinikamata na mfano unaokataa sitakubishia.

Kwa kuwa wewe ni mtu wa gari, nikuongezee moja ambalo hukuliuliza. Sisi tunapanda na kushuka, basi, teksi, meli, hata punda. Mwingereza anagawa. Chombo ambacho abiria husimama na kutembea ndani, basi, treni, meli, ndege, anasema "get on" na "get off". Matatu inahesabiwa na mabasi hata kama unaingia umeinama. Gari dogo ni "get in" na "get out of". Pikipiki na punda, kwa sababu unakaa juu yake, tunarudi kwenye "on" na "off". Kwa hiyo teksini kwako mteja ha-"get off", ana-"get out". Tuktuk nimesikia wakiitumia kwa namna zote mbili, isikukoseshe usingizi.

Mwalimu wangu, naandika kutoka Birmingham. Nilisomea uuguzi Tanzania, sasa natunza wazee kwenye makazi yao hapa. Kiingereza cha vitabu nakijua vizuri. Lakini asubuhi tukikabidhiana zamu naambiwa, "She threw up twice, passed out in the bathroom, came round on her own." Nabaki naitikia tu kwa kichwa. Kwa nini hawasemi "vomit" na "faint" kama tulivyofundishwa?

Barua yako nimeisoma mara tatu, kwa sababu kosa letu sisi walimu nimeliona waziwazi. Tulikufundisha Kiingereza cha kitabu cha tiba, hatukukufundisha Kiingereza cha mgonjwa.

Ukiuliza kwa nini hawasemi "vomit", turudi nyuma. Mwaka 1066 watu wa Normandy, kaskazini mwa Ufaransa, waliivamia Uingereza wakaitawala. Kwa miaka mingi Kifaransa kikawa lugha ya ikulu na mahakama, na Kilatini lugha ya kanisa na wasomi. Maneno mazito yakaingia kwa mlango huo. Mkulima kule shambani akabaki na vitenzi vyake vifupi, akavifunga mikia kila alipohitaji maana mpya. Mpaka leo Kiingereza kina kabati mbili. Kwenye moja kuna "tolerate", "extinguish", "postpone". Kwenye nyingine kuna "put up with", "put out", "put off", maana zile zile. Sisi shuleni tulipewa funguo ya kabati la kwanza, nalo linatufaa kwenye ripoti na mitihani. Bibi yako wa Birmingham akishikwa na tumbo saa nane usiku anafungua la pili.

Basi tuupitie huo usiku. "Threw up" ametapika. "Passed out" amezirai. "Came round" amezinduka. Wakisema "The painkiller is wearing off", dawa ya maumivu inaisha nguvu, ataanza kusikia maumivu tena. "The swelling has gone down", uvimbe umepungua. "He's come out in a rash", ametokwa na vipele. "She's coming down with something", anaelekea kushikwa na ugonjwa, labda mafua. "He brought up some phlegm", makohozi yametoka, na hiyo "bring up" ukiisikia kwenye habari za watoto ni kulea, kwenye mkutano ni kuleta hoja. "She's picked up a bit", amepata nafuu kidogo. Tazama, ni "pick up" ile ile ya ndugu yetu wa Mombasa, na hakuna gari.

Mbili hizi naomba uziandike kwenye karatasi uibandike ndani ya kabati lako la kazini. "Passed out" amezirai. "Passed away" amefariki. Tofauti ni kijineno kimoja. Nasi tunazo tabaka hizo, mtu amekufa, amefariki, ameaga dunia, na "pass away" ndiyo yao ya heshima. Sasa fikiria umechoka, zamu ya saa 12, unampigia simu binti wa yule bibi na kijineno kinakuteleza. Kwenye simu ya namna hiyo rudi kwenye kabati la kwanza bila aibu, sema "fainted". Binti ataelewa, na moyo wake utabaki mahali pake.

Kuna na kichekesho chake. Kwetu "passing out" ni gwaride la kuhitimu, la polisi au la jeshi, na Uingereza nako wanajeshi wanayo hiyo hiyo. Mwanafunzi wangu mmoja aliniandikia, kwa fahari, kwamba kaka yake "passed out in front of the President". Nilijua alimaanisha nini. Nikaandika pembeni: hongera kwake, natumaini alipewa maji.

Mwalimu, mwanangu yuko darasa la sita hapa Dodoma. Aliandika "What are you looking for?" akakosa, eti sentensi ya Kiingereza haimalizwi kwa kihusishi. Ni kweli? — Baba mtu mzima

Si kweli, baba. Kaidai alama ya mtoto, kwa upole. Mshairi John Dryden, mwaka 1672, alimkosoa mwandishi aliyemtangulia, Ben Jonson, kwa kumaliza sentensi hivyo, na baada yake walimu waliigeuza kuwa amri. Kwenye Kilatini kihusishi hakiachwi peke yake mwishoni. Kwenye Kiingereza kimeachwa hivyo tangu zamani. Na kwenye "look for" hicho kijineno ni sehemu ya kitenzi; "look for" kwa ujumla wake ndiyo "tafuta". Mtu akikuuliza "For what are you looking?" utageuka kutazama kama amevaa joho.

Shkamoo teacher. Nimepakua orodha ya phrasal verbs 500 kwenye simu, nakariri kumi kila siku. Nikifika ya themanini zote zinachanganyika. Nifanyeje? — Kijana, Morogoro

Marahaba. Ifute.

Nakisia orodha yako imepangwa kwa alfabeti: "get across", "get along", "get at", "get away", "get by", zote "get", kumi kwa siku moja. Ni sawa na kumtambulisha mgeni kwa mapacha kumi kwa mpigo halafu umuulize jana aliongea na yupi. Kichwa chako hakina kosa.

Mimi kwenye kaunta buku langu niliandika tatu tu kwa wiki, na sikuandika kitenzi peke yake hata siku moja. Niliandika tukio. Ukurasa mmoja una habari ya gesi: gesi imeniishia nikipika maharage, "I've run out of gas". Ukurasa mwingine una harusi ya mpwa wangu iliyosogezwa kutoka Desemba hadi Pasaka, "They put it off". Mwingine una jirani yangu na jogoo wake, "I put up with that cockerel for six years". Yule jogoo alikufa mwaka 2003 na kitenzi hakijanitoka mpaka leo.

Wewe una Morogoro nzima. Daladala iliyoharibika Msamvu, "It broke down". Mtu aliyekataa ofa yako, "She turned me down". Na ukiona kijineno unachokutana nacho mara nyingi, mathalani "up", kipe ukurasa wake, uone kinavyojirudia: "eat up", "drink up", "use up", "finish up". Utagundua "up" hapo inafanya kazi ya ile "kabisa" tunayoitia tukisema amekula akamaliza kabisa, sufuria jeupe. Hiyo ni "up" moja. Nyingine zitajitokeza zenyewe, na zikijitokeza zipe ukurasa mwingine.

Walioniuliza tofauti ya "make up" na "make out", subirini toleo lijalo. Ya pili ina maana mbili, na moja nitaielezea kwa mzunguko, maana wajukuu zangu wanasoma ukurasa huu.